Ngamia Kumi, Bulla Pesa

Sare zilikuwa kumi na nane, zimekunjwa ndani ya gunia la nailoni la mistari, na konda akasema gunia hilo ni abiria. "Limekalia kiti, lilipe kiti." Nikamwambia ni nguo za kwaya. Akanitazama, akalitazama gunia, kisha akapunguza shilingi mia mbili. "Kwa ajili ya Bwana," akasema, huku akilisukuma kwa mguu chini ya kiti cha nyuma.

Ndivyo ilivyoanza safari yangu ya kwanza ya Isiolo, Ijumaa moja ya Agosti, saa kumi na mbili asubuhi, kutoka River Road jijini Nairobi. Binamu yangu ni muuguzi huko, na huimba sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa moja dogo la Bulla Pesa. Kwaya ilitaka kurekodi video. Sare zilishonwa Nairobi kwa sababu fundi wa jijini alikubali kulipwa nusu kwanza. Mimi niliitwa kubeba gunia. Habari ya kuandika nilijiongezea mwenyewe.

Dereva aliikabidhi safari kwa Mungu kama wafanyavyo madereva wengi wa masafa marefu, yaani kwa flashi. Walianza Zabron Singers, wale Wasabato wa Kahama ambao wimbo wao "Mkono wa Bwana" Wakenya wameufanya wa kwao. Akafuata Christina Shusho, kisha Rose Muhando. Thika, Makutano na Sagana tulizipita tukiwa katika ibada. Tulipoiacha Karatina, konda alichomoa flashi ile akachomeka nyingine, na kutoka hapo ikawa mapenzi, pombe na usaliti hadi Nanyuki. Hakuna aliyelalamika. Mama aliyeketi kando yangu, ambaye alikuwa akimfuata Shusho macho amefumba, aliendelea kupigapiga sakafu kwa mguu uleule. Mguu haukujua kama tumehama.

Nanyuki tuliupita ubao wa ikweta, kukawa na baridi ya Timau na mashamba ya ngano, kisha pale Subuiga gari likaiacha barabara ya Meru na kuanza kuteremka. Mteremko huo hausahauliki. Mbele yako nchi inafunguka, tambarare ya rangi ya mchanga yenye vilima vya buluu mbali kabisa kaskazini, na kila baada ya kona abiria mmoja anavua sweta. Tulipoingia mjini dereva akazima muziki. Nilidhani flashi imeharibika.

"Ni Ijumaa," akasema, bila kugeuka. Kwenye kioo chake ilining'inia rozari.

Nje maduka yalikuwa yamefungwa nusu, na wanaume wenye kanzu na vikoi walikuwa wakiharakisha kuelekea msikitini. Adhana ikatupokea. Tulishuka kimya, kila mtu na mzigo wake.

Bulla ni mtaa, kwa Kisomali na kwa Kiborana. Pesa haihitaji mkalimani. Bulla Pesa ni mojawapo ya wadi kumi za Kaunti ya Isiolo, na mgeni anachokiona kwanza ni mabati, nyua za miti, mbuzi wenye shughuli zao, na bodaboda. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliwaweka Isiolo askari wa Kisomali waliomaliza utumishi. Waborana nao wapo, Waturkana na Wasamburu wapo, na Wameru huteremka kutoka milimani na miraa na viazi. Kutoka stendi, aliponipokea binamu yangu, hadi kwake, mwendo wa dakika ishirini kwa mguu, dada huyo alisalimia watu kwa "nagaa", kwa "muga", kwa "ejok", kila mmoja kwa lugha ya mamaye. Tulipofika kwenye kugombania nauli ya bodaboda wa kubeba gunia, akahamia Kiswahili. Salamu ni za kila kabila. Ugomvi na biashara ni vya Kiswahili, na nyimbo pia.

Hilo la nyimbo lilinikaa kichwani. Tazama maneno ambayo kwaya yoyote ya Kikristo huimba: Injili, Zaburi, nabii, malaika, dhambi, ibada, sadaka, rehema, shetani. Kanisa lenyewe. Yote yamepitia kwenye Kiarabu, na mengi yalikuwa vinywani mwa Waislamu wa pwani kabla hajatokea mmisionari wa kuyaazima. Mmisionari Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kuifasiri Biblia kwa Kiswahili, alianza na kitabu cha Mwanzo, na aliyeketi naye kumsaidia alikuwa kadhi wa mji. Kwa hiyo Mwislamu wa Bulla Pesa akisikia wimbo wa injili unapita juu ya ua wake, hahitaji kufasiriwa. Anaweza kuukubali au kuukataa, ila hawezi kusema hakuelewa.

Kanisa lenyewe lilikuwa la mabati, viti vya plastiki, spika mbili ndefu, na bango la harambee iliyopita likiwa bado ukutani. Jumamosi alasiri nilikaa nyuma nikawasikiliza wakifanya mazoezi. Mpiga kinanda alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, siku za kazi huendesha bodaboda. Wimbo ulihusu Rebeka na yule mtumishi wa Ibrahimu aliyetumwa kumtafutia Isaka mke. Walikuwa katikati ya kiitikio wakati adhana ya alasiri ilipoanza, na kijana akainua vidole kutoka kwenye kinanda. Hakuna aliyetoa amri. Neno lililokuwa nusu kinywani lilimezwa. Sauti ya nne wakatafuta maji ya kunywa, dada wawili wakapekua simu, mwalimu wa kwaya akafuta miwani. Adhana ilipokwisha, kijana akarudi palepale alipoachia, silabi kwa silabi.

Nilimuuliza baadaye kama kuna makubaliano. Akacheka. "Mkesha wetu wa Desemba thelathini na moja tunaimba mpaka alfajiri. Unadhani hawa majirani huwa wanalala?"

Nimeishi Nairobi mahali ambapo makanisa mawili yamepanga ghorofa moja, na kila Jumapili spika zinashindana kama vile mbinguni kuna uziwi. Sikuwahi kuona moja likilipunguzia jingine sauti hata kidogo. Sitaki kuipaka Isiolo asali. Mji huu umewahi kumwaga damu: mapigano ya 2011 na 2012 yaliwatoa watu makwao, na tarehe 14 Julai 2005 Askofu Luigi Locati, Mwitaliano aliyeliongoza Kanisa Katoliki huku, alipigwa risasi akafa mjini humuhumu. Labda ndiyo sababu vidole vile vinainuka haraka. Watu wanaojua thamani ya utulivu hawasubiri barua.

Baada ya mazoezi kukazuka mabishano, na hapo ndipo nilipofurahia safari. Kijana alikuwa ameweka sebene mwishoni mwa wimbo, dakika nzima ya gitaa la kinanda na hatua za miguu, staili ambayo wasichana walikuwa wameifanyia kazi wiki tatu. Mzee mmoja wa kanisa, fimbo mkononi, akasimama.

"Watoto wangu, hii sebene naijua. Ni ya baa."

"Mzee," akajibu mpiga kinanda kwa adabu zote, "kwani baa waliinunua?"

Wakageuka kwangu, mimi mgeni wa kutoka Nairobi, kana kwamba nimekuja na hukumu ndani ya gunia. Niliwaambia ninachokijua. Jeshi la Wokovu, lililozaliwa London mwaka 1865 kwa mkono wa William Booth, lilichukua tuni za kumbi za starehe na kuzivika maneno ya Mungu, na waumini wa Uingereza wakapiga kelele kama alivyopiga mzee. Niliwakumbusha Missa Luba, misa ya Kilatini iliyopigiwa ngoma za Kongo mwaka 1958 chini ya padri Guido Haazen. Nusu ya dunia ilishangaa, na baadaye Muungano National Choir ya Boniface Mganga ikaiimba upya hapa kwetu. Hata nyimbo nyingi za kitabu cha Tenzi za Rohoni, zile mzee anazoziita za zamani na takatifu, ni nyimbo za Waingereza na Wamarekani waliotaka ziimbwe na watu wa kawaida. Nyakati zile, hizo ndizo zilikuwa sebene.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. "Sawa, mwanangu," akasema. "Lakini wao walikuwa wakienda baa kuwatoa watu. Sisi tunakwenda kutoa nini?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo nadhani mzee alikuwa na nusu ya haki, ila aliielekeza pabaya. Mdundo haujawahi kuliharibu kanisa. Rapa Juliani aliacha mistari ya mtaa wa Dandora na ya kundi la Ukoo Flani akaja na hip hop ya Kikristo, na albamu yake ya 2011 aliiita "Pulpit Kwa Street", jina linalojieleza. Size 8 alihama nyimbo za kidunia mwaka 2013 akaja na "Mateke", na makanisa yaliyokuwa yakimlaani yakamwalika. Willy Paul alipata jina akiimba "Sitolia" pamoja na Gloria Muliro, kisha akavuka kwenda upande mwingine, na mashabiki wake wengi walivuka naye wakiwa wamevaa fulana zilezile. Mlango uko wazi pande zote mbili. Tangu tuzo za Groove Awards zianze mwaka 2004, mwimbaji wa injili Kenya ni nyota kama nyota yeyote, na watu humpigia kura kama diwani.

Kilichonitia wasiwasi jioni ile kilikuwa kamera, wala si sebene. Mara tu kameramani aliyeitwa kutoka Meru alipotajwa, kwaya iliyoimba mwaka mzima katika mistari mitatu iliyonyooka ikaanza kuhesabu nani atasimama mbele. Dada mmoja alisema yeye ni mweusi sana kwa rangi hiyo ya sare. Mwingine akauliza kama wenye sauti ya tatu wataonekana nyuso au migongo. Binamu yangu, ambaye ndiye angekuwa Rebeka, alinyamaza kama mtu aliyeshinda kura. Ngoma inakaa kanisani miaka mia bila kumdhuru mtu. Kamera huingia siku moja, na kila mtu anageuka kutafuta upande wake mzuri.

Nilitoka kunyoa. Kinyozi alikuwa kijana mwenye kofia ya kufuma, na redio yake ilikuwa imefunguliwa Radio Shahidi, kituo cha Kanisa Katoliki cha hapohapo Isiolo. Rose Muhando alikuwa akiimba. Nilimuuliza kwa mzaha kama anajua anasikiliza redio ya nani.

"Shahidi ni shahidi," akasema, akinigeuza kichwa kwa vidole viwili. "Na huyu mama alikuwa wetu."

Ni kweli. Rose Muhando alizaliwa Kilosa, Morogoro, katika nyumba ya Waislamu, akabadili dini, akaimbia kwaya ya Kianglikana Dodoma kabla Afrika Mashariki nzima haijamjua. Kinyozi alilisema jambo hilo bila uchungu, kama unavyomtaja mchezaji aliyehamia timu nyingine na bado unapenda mabao yake. Kisha akapandisha sauti kidogo, kwa sababu mashine ya kunyolea ilikuwa ikimzidi.

Jumapili baada ya ibada tukaenda nje kidogo ya mji kutafuta ngamia. Mwanzo 24 inasema mtumishi alikwenda na ngamia kumi, na mwalimu wa kwaya, mtu wa maandiko, alitaka kumi. Mfuko wa video ulikuwa na shilingi elfu tatu na mia tano. Mwenye ngamia, mzee wa Kiborana mwenye kilemba na viatu vya tairi, alitaka elfu moja kwa kila mmoja.

"Wa nini?" akauliza.

Mwalimu akamsimulia. Mzee alisikiliza akiegemea fimbo. Nabii Ibrahimu anamjua. Is-haka anamjua. Habari ya kuposa ilimpendeza. Kisha akaanza kuuliza kama mtu wa kazi.

"Kumi, umesema. Wametoka safari?"

"Safari ndefu, baba."

"Basi wana kiu. Ngamia mwenye kiu anakunywa lita mia, na anaweza kupita. Huyo binti anachota na nini?"

Binamu yangu akauinua mtungi wa udongo, mdogo, umechorwa maua, ulioazimwa sebuleni kwa mtu. Mzee akacheka mpaka akakaa chini. Akaonyesha jerikani za manjano zilizokuwa kando ya birika. Lita ishirini. Jerikani tano kwa ngamia. Ngamia kumi. Akahesabu kwa vidole, taratibu, huku kwaya nzima ikimtazama mkononi.

"Hamsini. Na kisima kiko juu au chini?"

Mwalimu akafungua Biblia kwenye simu, akateleza kwa kidole gumba, akanyanyua uso. "Alishuka kisimani."

"Anashuka, anapanda na mzigo. Mara hamsini. Na huyo mwanamume aliyetumwa anafanya nini?"

Mwalimu akasoma tena, safari hii kwa sauti ndogo. "Alikuwa anamtazama. Amenyamaza."

"Astaghfirullah," akasema mzee.

Nimesikia mahubiri ya Rebeka mara nyingi. Wahubiri hutuambia alikuwa mzuri, alikuwa bikira, alikuwa mkarimu, na kwaya yetu ilikuwa imemaliza kazi yake yote ya kisimani kwa mstari mmoja ili ifike kwenye sebene. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunihesabia jerikani. Ilibidi wimbo utoke kanisani, upite barabarani kutafuta ngamia wa kukodi, ndipo ukutane na mtu anayejua kiu ya ngamia. "Huyo si msichana wa mahari ndogo," mzee alihitimisha, na akinamama wa sauti ya pili wakaitikia kama waliosikia neno kutoka mimbarini.

Bei hakupunguza. Tulichukua watatu.

Yule mzee wa kanisa aliyeikataa sebene ndiye aliyeshika usukani kuanzia hapo. Mtungi wa maua aliurudisha ndani ya gari kwa mkono wake. Rebeka abebe jerikani, akasema, na aibebe ikiwa na maji, si tupu, na ashuke kweli mpaka kwenye mchanga na apande. Binamu yangu alishuka na kupanda mara saba. Mara ya tano sare ilikuwa imelowa, ushungi umeenda upande, na habari ya upande mzuri wa uso ilikuwa imekwisha. Nilimwona kameramani akisogea karibu zaidi, kwa sababu sasa palikuwa na kitu cha kupiga.

Tatizo likawa spika. Ngamia hawakuitaka. Sebene ilipolia, mmoja alipiga kelele na kujivuta, wawili wakamfuata, na nusu ya sauti ya tatu ikakimbilia nyuma ya gari. Tulijaribu mara mbili. Mwishowe mwenye ngamia akasema, "Nipeni hiyo simu." Wimbo ukahamishiwa kwenye simu ya mwalimu, na mzee akasimama katikati ya wanyama wake, nje tu ya jicho la kamera, akiishikilia juu ya kichwa kama taa. Ngamia wakatulia kwa sababu yeye katulia. Kwaya ikaimba kwa kufuata sauti nyembamba ya simu mkononi mwa Mborana, aliyekuwa akitikisa kichwa kidogo, nadhani bila kujua.

Wakati wa alasiri alimrudishia mwalimu simu, akatawadha kwa maji ya jerikani moja, akasali kando ya birika. Sisi tulikaa kivulini tukala mandazi. Alipomaliza, akaja akanyoosha mkono, akaichukua simu, tukaendelea.

Nilirudi Nairobi Jumatatu na gunia tupu, na safari hii konda hakuligusa. Video ilinifikia wiki kadhaa baadaye kwa simu, imehaririwa Meru, na jina la wimbo linapita chini kwa herufi za dhahabu. Sebene imebaki. Jerikani imebaki. Mzee wa kanisa anaonekana sekunde mbili, akipiga makofi nje ya mdundo. Mwenye ngamia haonekani popote, ila ukitazama sana katika dakika ya tatu kuna kivuli cha mtu aliyeinua mkono.

Ikikufikia na wewe, msikilize Rebeka, ana sauti nzuri hata kama ni wa kwetu. Ngamia usiwahesabu. Ni watatu, wamepitishwa mara tatu, na wa kumi hayupo.